Mshonaji Asiyenunua Uzi

Kwa muda wote niliosimama kwenye meza ya kukatia vitambaa pale Hattie's, sikuwahi kumwona Lorene Dufek akinunua uzi. Wala sindano. Nalisema hili mapema kwa sababu ukifika mjini kwetu na kuuliza habari zake, utaambiwa ni mshonaji wa kupigiwa mfano, na kwamba utepe aliupata mbele ya kaunti nzima. Utepe aliupata kweli. Mimi nilikuwepo.

Hattie's ni duka kubwa mno, liko kando ya barabara ya kwenda Lincoln, kati ya duka la matairi na kliniki ya meno. Yako mengine ya jina hilo kila jimbo, yamepangwa vilevile, hata ukiingizwa umefungwa macho utajua vifungo viko wapi. Maua ya plastiki mlangoni, nyuzi za kufumia masweta kushoto, gundi na rangi huko nyuma, na katikati majora ya vitambaa, safu baada ya safu. Mteja anachagua jora lake, anachukua namba kwenye kimashine, kisha anasimama kwenye foleni amelikumbatia. Foleni hiyo ndiyo baraza letu. Hapo ndipo utajua nani kabadilishiwa goti, mtoto wa nani kaachika, na mchungaji mpya wa Kilutheri anahubiri mpaka chakula cha watu kinaungulia jikoni.

Halafu mteja anafika kwangu, nami namuuliza anashona nini. Ni amri ya makao makuu, tulifundishwa kwa video. Wenye kampuni wanaamini mtu akiulizwa hivyo atakumbuka kwamba anahitaji na zipu. Kama zipu ziliuzwa zaidi, sijui. Ninachojua ni kwamba wapo wanawake mjini hapa ambao hilo ndilo swali pekee wanaloulizwa wiki nzima.

Wengi hujibu kwamba wanashona blanketi la viraka. Mimi nimezaliwa Pangani, na nyumbani kwetu kiraka kilikuwa kitu cha kugeuzia upande wa ukutani mgeni akiingia. Hapa Nebraska mtu mwenye akili zake timamu ananunua kitambaa kipya, anakikatakata vipande vidogo, halafu anakaa majira mazima ya baridi akivirudisha pamoja. Mwanzoni nilicheka. Siku hizi ninayo mawili kitandani kwangu na sitaki kusikia neno la mtu.

Lorene alikuwa mtu wa Jumanne. Alikuwa amestaafu jikoni kwenye shule ya msingi, ambako nusu ya mji huu ilikula viazi vya kupondwa kutoka mkononi mwake, na mumewe Milo alikuwa dereva wa lori la mahindi. Alikuja amevaa vizuri, nywele zimewekwa, rangi ya mdomo imepakwa, anapita kwenye majora taratibu akiyapapasa moja moja kama anayewasalimia watu. Akifika kwangu analiweka jora mezani na kuliegemea.

"Unashona nini leo, Bi Lorene?"

"Aa, Kombo mpenzi, si la Tucker tena!" Jina langu Mwanakombo liliwashinda, wakabaki na Kombo. "Mjukuu wangu wa Denver. Kaingia wazimu wa madinosaria. Mama yake ananipigia simu, ananiambia, mama, huyu hataki kulala mpaka aone dinosaria."

Basi namkatia dinosaria. Baadaye ikawa treni, kisha mpira, kisha kile kitambaa cha mabaka ya jeshi, maana Tucker alikuwa ameanza kwenda kuwinda na babu yake wa upande wa pili. Mtoto alikua mbele ya macho yangu, yadi kwa yadi. Nilijua jino lilipong'oka. Nilijua mwalimu aliyemwonea. Na kila mara Lorene alikunja kitambaa chake, akachukua risiti, akaondoka bila hata kibobini cha uzi mweupe. Mtu anaweza kununua unga kila wiki miaka nenda rudi, lakini siku moja utajiuliza mbona hanunui chumvi.

Milo alifariki mwezi wa Februari. Gazeti letu linaandika marehemu kaacha nani na nani, hata binamu wa mbali hawaachwi. Milo Dufek aliacha mke na mbwa. Nilirudia kusoma nikimtafuta Tucker, nikamtafuta na mama yake Tucker, sikumwona mtu. Jumanne iliyofuata Lorene akaja na jora la flaneli ya kijivu.

"La Tucker," akaniambia kabla sijauliza. "Kalia sana kwa ajili ya babu yake."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Nilimkatia flaneli, nikamzidishia kidogo, nikamwambia poleni nyote.

Hivyo tungeendelea, yeye na uongo wake na mimi na mkasi wangu, kama si Ardith Bruning. Ardith ni mwenyekiti wa akina mama washonaji wa kanisa la Kilutheri. Kila mwaka, maonyesho ya kaunti yakifika, utepe wa buluu wa mshindi wa kwanza ulikuwa kama umeshaandikwa jina lake, na akiukosa, mwamuzi alikuwa na macho mabovu. Ni mwanamke mwenye mikono ya ajabu na ulimi wa ajabu zaidi. Kwenye meza yangu alikuwa akiinama kuangalia kama mkasi umefuata mstari, nami katika nchi hii nimeishi na ule mkasi muda mrefu kuliko alivyoishi yeye na mume wake wa pili.

Jumanne moja ya masika walikutana kwenye foleni, Lorene mbele, Ardith nyuma yake.

"Lorene, hilo jora la nini tena?"

"La Tucker. Anaingia sekondari."

"Huyo Tucker ana mablanketi mangapi mwenzetu? Anafungua hoteli?"

Foleni ikacheka. Lorene naye akacheka, lakini wenzake walishaacha, yeye akiwa bado anacheka.

"Denver kuna baridi," akasema.

"Na hapa kuna nini, jua la Florida? Sikiliza, mimi nakuona hapa kila nikija. Umenunua vitambaa vya kufunika ghala la mahindi. Mbona hatujaona hata blanketi moja? Kanisani hujaleta, kwenye maonyesho hujaleta. Au unashonea gizani?"

"Yote nayapeleka Denver."

"Basi mwambie Tucker akuazime moja. Agosti si kesho. Lilete kwenye maonyesho tulione, tujifunze na sisi wajinga."

"Nitaleta," akasema Lorene.

"Utaleta?"

"Nimesema nitaleta, Ardith. Umeziba masikio?"

Twyla wa kwenye mashine ya pesa akapiga makofi, na wawili watatu wakamfuata. Namba ya Lorene ikaitwa. Akaliweka jora mezani, akaniinamia.

"Kombo," akaninong'oneza. "Mtu akitaka kujifunza, yaani mtu tu, si mimi, blanketi moja linamchukua muda gani?"

"Akiwa na mikono mizuri, mwaka."

"Na kama hana?"

"Kama hana," nikasema, nikiwa nimeinamia kitambaa nisimtazame, "anaweza kusema anaumwa viungo. Watu wazima wanaumwa viungo. Nani atamlaumu mtu akisema ameacha kushona?"

Nilidhani nimemfungulia mlango wa nyuma. Akaniangalia kama niliyemtukana.

"Nikisema nimeacha, nitakuja hapa kufanya nini?"

Lilinichoma lile neno. Nilikuwa nikimwona kama kioja, sikatai, nikimsimulia nyumbani kwangu wakati wa chakula tukicheka. Sasa nikaona hesabu yake ilivyo. Ili usimame kwenye foleni yetu lazima uwe na jora, na ili uwe na jora lazima uwe na mtu wa kumshonea. Yeye mtu hakuwa naye, akamtengeneza. Ardith akimuumbua, kinachokwenda si heshima tu, inakwenda Jumanne yake, na ukiiondoa Jumanne hakubaki kitu zaidi ya yule mbwa wa Milo, naye kiziwi.

Kiangazi kizima hakutaja maonyesho. Alinunua vitambaa vyake, akanipa habari za Tucker, na mimi nikawa naomba Mungu aumwe hata mafua siku ya kupokea kazi. Hakuumwa. Twyla ndiye aliyeniletea habari: Lorene kafika ukumbini na mfuko mkubwa, kajaza karatasi, kaweka sahihi kwamba ni kazi ya mikono yake, kaondoka kifua mbele.

Siku ya kufungua, mimi na Twyla tulitoka kazini tukaenda moja kwa moja, tukala runza zetu, ile mikate ya hapa yenye nyama na kabichi ndani, tukitembea, tukapita banda la nguruwe, tukaingia ukumbi wa kazi za mikono. Mablanketi yalikuwa yametundikwa ukuta mzima. La kwanza lilikuwa la msichana fulani wa shule, na tayari watu walikuwa wananong'ona. Utepe mweupe, yaani wa tatu, ulikuwa kwenye nyota kubwa nyekundu ya Ardith Bruning. Na utepe mwekundu, wa pili, ulikuwa kwenye blanketi dogo la mtoto, la mapangaboi ya njano na buluu, yaani viraka vya pembetatu vilivyopangwa kama feni. Chini yake imeandikwa: Lorene Dufek.

"Mama yangu," akasema Twyla. "Kumbe anajua!"

Mimi nilikuwa nimekwama. Kile kitambaa cha njano kilikuwa na vibweha vidogo vinavyokimbizana, na kitambaa hicho nilikikata mimi. Mteja alikuwa amesimama akinisimamia kama mwalimu wa mtihani, ananiambia nyoosha, Kombo, nyoosha, hiki ni cha mjukuu wangu wa kwanza. Maren, binti wa mwanawe Kent, huko Lincoln. Mteja mwenyewe alikuwa Ardith. Nakumbuka na jinsi alivyorudi baadaye amechoka hoi, akatueleza kwamba alimaliza kushona asubuhi ileile ya sherehe ya mtoto, hakupata hata nafasi ya kuliloweka, akamkabidhi mkwewe likiwa bado na mistari ya kalamu, ile ya kuongozea sindano.

Kadi ya mwamuzi ilikuwa imebandikwa pembeni: Mishono safi sana, pembe zimekutana vizuri. Mshiriki akumbuke kufua alama za kalamu kabla ya kuleta.

Nikasogea. Mistari ya buluu ilikuwepo yote. Kalamu ile ya washonaji haihitaji hata sabuni, maji yakiigusa mara moja tu inapotea. Blanketi lilikuwa halijawahi kuguswa na maji. Tangu siku ile ya sherehe, hakuna mtoto aliyelitapikia, wala kulikojolea, wala kulilalia.

Ardith akaingia kabla sijapata la kufanya. Alikwenda kwanza kwenye nyota yake, akautazama ule utepe mweupe, mdomo ukaanza kufunguka amseme mwamuzi. Kisha akageuka aone nani kampita. Mdomo ukabaki hivyohivyo.

Kwenye ukumbi ule hairuhusiwi kugusa. Kuna mama amekaa kitini na glavu nyeupe, ukitaka kuona upande wa nyuma unamwomba yeye akugeuzie. Ardith hakumwomba mtu. Alikwenda akakunja pembe ya chini, pale ambapo mshonaji hushonea kitambulisho cha jina lake. Kitambulisho hakikuwepo. Palikuwa na vitundu vya sindano vimekaa mraba, vimetolewa uzi mmoja mmoja, kwa uangalifu, na mtu ambaye hakutaka ijulikane blanketi limetoka kwa nani. Akalishusha. Akaweka kidole kwenye mstari wa buluu, akaufuata polepole kutoka pangaboi moja hadi jingine. Mama wa glavu akainuka kumkanya, akamwona uso, akakaa.

Na ndipo Lorene akatokea, ana kipande cha pai kwenye sahani, amezungukwa na watu wanaompongeza.

"Ardith!" akapiga kelele Twyla, ambaye Mungu hakumpa breki. "Mwenzio kakupiku!"

Watu wakamgeukia Ardith. Angeweza kummaliza pale pale kwa neno moja. Lakini neno hilo lingetoka na la pili, kwamba blanketi alilomshonea mjukuu wake limetupwa, nalo lingefika kanisani kabla yake. Sijui kama aliwaza hivyo. Nilimwona tu akilitazama tena lile blanketi.

"Pembe zimekutana," akasema. "Kazi ya mtu anayejua."

Akaondoka. Kwa miaka yote niliyomfahamu, hiyo ndiyo sifa kubwa niliyowahi kumsikia akimpa mtu, na alijipa mwenyewe.

Lorene alinivuta kando, mashavu yamemwiva kwa furaha. "Umesikia? Hata Ardith kakubali!" Halafu akashusha sauti. "Kombo, hiyo kadi inasema nifue mistari. Mimi nilidhani ni mapambo."

Nilimweleza ile mistari ni nini, kwamba maji ya kwanza tu yanaiondoa. Hakuwa mjinga. Alitafuna pai yake taratibu. "Basi halikutumika," akasema. "Masikini blanketi." Nani alilishona sikumwambia. Niliona ana furaha, nikasema mwache ale pai yake.

Jumanne iliyofuata alikuja na utepe ameubana kwenye blauzi. Foleni ilimpokea kama bibi harusi. Mmoja alitaka amwangalizie rangi zake, mwingine alimuuliza anatumia uzi gani, naye akajibu bila kupepesa, "Mimi mpenzi nachagua kwa mkono, si kwa jina." Alikuwa ameshafika kwangu na jora lake, nami nimeshashika mkasi, mlango ulipofunguka akaingia Ardith.

Hakuchukua jora. Hakuchukua namba. Alikuja moja kwa moja, foleni ikampisha, nikasema moyoni leo ndiyo leo. Akasimama ubavuni kwa Lorene, akaongea chini kiasi kwamba ni sisi watatu tu tuliosikia.

"Ulilipata wapi?"

"Nilipata nini?"

"Lorene, usinichezee. Lile blanketi nimelishona mimi."

Rangi ya mdomo ndiyo pekee iliyobaki usoni mwa Lorene. Alishika ukingo wa meza. "Lincoln," akasema. "Kwenye mitumba, lile duka la karibu na hospitali. Sikujua ni lako, Ardith, naapa. Nakuomba usiseme. Nitaurudisha utepe, nitasema naumwa, nitasema chochote unachotaka, lakini usiwaambie hawa. Sina pengine pa kwenda."

"Sikuja kusema."

Ardith alikuwa anatazama meza, si sisi. Bila hasira yake alionekana mdogo, mzee tu wa kawaida aliyevaa sweta Agosti kwa sababu ya kiyoyozi.

"Nilimshonea Maren," akasema. "Wa Kent. Nikimpigia simu mama yake ananiambia analipenda. Juzi tu kaniambia." "Nataka kujua kitu kimoja. Ulipolikuta, lilikuwa limetumika?"

Jibu nililijua. Lorene alilijua, maana nilimweleza mwenyewe. Na Ardith alilijua kuliko sisi wote, alikuwa amelisoma kwa kidole chake ukutani.

Lorene akavuta pumzi. Mgongo ukamnyooka. Akaliegemea jora lake, vilevile kama Jumanne zote.

"Limetumika?" akasema. "Ardith we, limetumika mno! Lilikuwa laini kama sikio la ndama. Yule mama wa pale dukani kanihadithia. Lililetwa kwa makosa, wanahama, mume kabeba boksi silo. Mtoto alikuwa haliachi. Analiburuta sebuleni, analiburuta bustanini. Pale pembeni palikuwa na doa la juisi, wamelisugua weee."

"Juisi ya nini?" akauliza Ardith.

"Ya zabibu."

"Zabibu haitoki kwenye pamba."

"Basi ya tufaha."

Ardith alilifikiria hilo. Nyuma yao mtu akauliza kwani foleni imekwama, na Twyla akamwambia afunge mdomo.

"Tufaha inatoka," akasema Ardith. "Maji ya baridi, inatoka." Akavuta kile kiti cha chuma tunachopandia kushusha majora ya juu, akakaa, mkoba mapajani. "Na usiku? Alikuwa analala nalo?"

"Kila usiku. Likikosekana halali mtu nyumba nzima."

Ardith akafumba macho.

"Endelea," akasema.